Peke yako na HiAce ya kulala, kutoka Arua hadi tamasha la Jinja

"Habari mtaalamu. Naishi Arua. Nimenunua HiAce kuukuu ya dizeli, injini ya 3L, iliyokuwa taksi. Nimeng'oa viti vya abiria na seremala amenitengenezea kitanda na makabati. Novemba nataka kwenda Jinja kwenye lile tamasha la muziki ambalo jina lake siwezi kulitaja mbele ya mama. Mimi ni mwanamke, nitakuwa peke yangu, siku nne, nalala ndani ya gari. Sasa kila mtu ana lake. Kaka anasema majambazi wataniotea njiani. Fundi anasema niache injini ikinguruma usiku ili feni ipige na betri isiishe. Mama anasema nibebe sigiri, niiwashe humo ndani na dirisha wazi kidogo, ifukuze mbu na baridi. Rafiki anasema nikikwama kwenye matope nipunguze tu upepo wa tairi. Nani yuko sahihi? Au niache gari nipande basi?"

Dada, hao wote wanakutakia mema, na ushauri wa wawili kati yao unaweza kukuua. Rafiki amepatia nusu. Kaka anaogopa kitu cha kweli, ila amekiweka mbele ya vingine vinavyokizidi. Unaposafiri peke yako, wezi hawaongezeki barabarani. Kinachopungua ni mikono: gari likizama hakuna wa kusukuma, ukisinzia hakuna wa kushika usukani, hewa ikichafuka usiku hakuna wa kukuamsha. Nitaanza na hilo la mwisho, maana ndilo lisilopiga hodi.

Kabla ya hapo, mtulize mama kuhusu jina. Nyege Nyege kwa Mswahili ni neno la kufunika mdomo, lakini waliolianzisha mwaka 2015 walilichukua kwenye Kiganda, ambako linasemwa juu ya ile hamu ya kucheza inayompanda mtu asiweze kutulia. Jambo la kukuhusu wewe zaidi ni kwamba tamasha hili huhama. Miaka ya mwanzo lilikuwa Njeru, ng'ambo ya mto ukitoka Jinja. Mwaka 2022 lilifanyika kwenye maporomoko ya Itanda. Limeshafanyika Jinja mjini pia. Njeru iko upande wa magharibi wa Nile na Itanda upande wa mashariki, na barabara ya kufika Itanda si lami hadi mwisho. Usijaze tangi kabla hujajua mwaka huu ni wapi.

Sasa sigiri. Makaa yanayowaka bila ulimi wa moto hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi unaouona ni wa mwanzo, makaa yanaposhika. Yakishakuwa mekundu na moshi ukakata, watu husema "sasa yameiva, ingiza ndani", na kumbe ndipo gesi hiyo inapomwagika bila kujitangaza. Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni kwenye chembe nyekundu, na inazing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, moyo unapiga, lakini damu inayofika kwenye ubongo haina ilichobeba. Aliye macho ataumwa kichwa, ataona kizunguzungu, atasikia kichefuchefu na miguu mizito. Aliyelala hasikii chochote. Usingizi unazidi kuwa mzito basi.

Dirisha wazi kidogo halitoshi. Ndani ya HiAce, ukitoa kitanda na makabati, unabaki na mita za ujazo tano au sita za hewa. Ufa wa vidole viwili upande mmoja, usiku usio na upepo, hauwezi kushindana na sigiri. Tena usidanganywe na sigiri "iliyozimika". Makaa yaliyofunikwa na jivu huendelea kutoa gesi kwa saa kadhaa, kwa hiyo hata mvua ikinyesha usiiingize ndani kuikinga. Iache ilowe. Kwa kweli sioni kwa nini uibebe kabisa. Kwenye tamasha utakuta rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) za kila namna na nyama ya kuchoma mpaka alfajiri; chai ya asubuhi beba kwenye chupa ya moto, au pika nje kwa mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Mtungi nao una tabia yake: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kutuama chini ya kitanda. Kabla ya kupika, valvu ya mtungi ikiwa wazi na kichomeo kikiwa kimefungwa, paka povu la sabuni kwenye maungio uone kama linatoa mapovu; ukimaliza kupika funga valvu, kisha uweke mtungi mahali penye tundu la hewa usawa wa sakafu.

Fundi naye. Injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele, na kinachoitenga na wewe ni kifuniko cha bati chenye mpira pembezoni. Kwenye gari lililokuwa taksi, mpira huo mara nyingi umekauka na kukatika, kwa sababu kifuniko kimefunguliwa mara nyingi. Ekzosi ikiwa na tundu popote, au gasketi yake imeungua, moshi unapanda moja kwa moja hadi kitandani. Ni kweli dizeli hutoa kaboni monoksidi kidogo kuliko petroli, lakini "kidogo" kwa saa nane ndani ya gari lililofungwa si kidogo tena. Na hata faida ya betri ni ndogo: injini ikinguruma polepole, altaneta huchaji kidogo, huku ukichoma karibu lita moja ya dizeli kila saa. Lala injini ikiwa imezimwa. Ukifika uwanjani angalia pia majirani: jenereta ya petroli ya muuza soda iliyo mita tatu kutoka dirisha lako, upepo ukielekea kwako, ni sawa na sigiri ya mama.

Kama una fedha ya kununua kifaa kimoja tu kwa safari hii, nunua kengele ya kaboni monoksidi inayotumia betri ndogo. Isiwe kengele ya moshi. Hizo ni vitu viwili tofauti na kwa sura zinafanana. Gesi hii huchanganyika na hewa sawasawa, kwa hiyo ifunge usawa wa kichwa chako ukiwa umelala, na ubonyeze kitufe cha kuijaribu kila jioni. Ikilia, usitafute sababu. Toka nje kwanza.

Mbu wana dawa yao, nayo ni chandarua chenye dawa, kilichochomekwa chini ya godoro pande zote. Kwenye madirisha weka wavu wa mbu. Wavu ulioshonewa sumaku ndogo pembezoni hushika kwenye bati la mlango bila kutoboa kitu. Fungua sehemu mbili zinazotazamana, moja chini na nyingine juu, kwa mfano kioo cha mlango wa mbele upande wa abiria na dirisha dogo la nyuma upande wa dereva. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, ya ubaridi inaingia chini. Hata usiku usio na upepo utasikia tofauti.

Umeme unahitaji hesabu kidogo, nayo itakuondolea hofu. Feni ndogo ya volti 12 hula kama ampea 0.7, kwa saa 8 ni ampea-saa 5 au 6. Taa ya LED kwa saa nne ni 2. Kuchaji simu mara mbili ni kama 3. Jumla usiku mmoja ni 10 hadi 12, na kwa siku nne ni kama 45. Betri ya kuwashia gari ina namba kubwa ubavuni, 70 au 80, ila haikutengenezwa kwa kazi hii. Sahani zake za risasi ni nyembamba ili zitoe nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiinyonya polepole kupita nusu unaiharibu, na injini ya dizeli inataka umeme mwingi asubuhi, kupasha plagi zake kisha kuzungusha mashine yenye mgandamizo mkubwa. Betri ikiwa nusu, petroli ingewaka, dizeli itakohoa tu. Na peke yako husukumi HiAce.

Njia nzuri ni betri ya pili, ya sola, ya ampea-saa 100, iliyounganishwa na ya gari kupitia rilei inayozitenga injini ikizimwa. Fyuzi iwe karibu na nguzo ya betri, umbali wa shubiri moja, na kwenye ncha zote mbili za waya, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya. Waya ukisugua kwenye chuma cha chini ya gari mpaka ganda litoke, na fyuzi iko mbali, kipande chote cha kabla ya fyuzi kinawaka kama nyuzi za hita. Njia ya bei nafuu, ambayo kwa siku nne ningeichagua mimi, ni kuacha umeme wa gari kabisa: taa ya sola ya kuning'iniza, feni ya kuchaji na benki za umeme mbili. Ila soma namba vizuri. Benki iliyoandikwa 20,000 mAh imepimwa kwa volti 3.7, ukiigeuza kwa volti 12 ni kama ampea-saa 6, na ikipotea kidogo njiani unapata 4 au 5.

Kuhusu gari lenyewe, uzito usikutie hofu. Lilibeba abiria 14 maisha yake yote, kitanda chako hakiwafikii. Mpangilio ndio wa kuangalia. Makabati yote yakiwa upande mmoja, na juu, gari litainama na kuyumba kwenye kona. Maji weka chini, nyuma ya kiti cha mbele cha abiria au juu ya ekseli ya nyuma: dumu la lita 20 ni kilo 20, na ukifunga breki ghafla ukiwa kasi ya 80 linakuja mbele kama jiwe. Kitanda kifungwe kwa bolti kwenye matundu yaleyale yaliyoshikilia viti vya abiria. Matundu hayo yana nati zilizochomelewa kwenye chuma. Skrubu za mbao kwenye bati la sakafu zitang'oka zote siku ya kwanza ya hatari.

Jambo moja la injini ya 3L ambalo wanunuzi wa magari kuukuu hulisahau: ina mkanda wa taimingi, wa mpira, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali na pistoni hugongana, na hapo hujaharibikiwa na mkanda, umeharibikiwa na injini. Aliyekuuzia akisema "ulibadilishwa juzi" na hana risiti, chukulia haujabadilishwa. Fundi abadilishe mkanda pamoja na rola yake ya kukaza, apime ekzosi kwa kuziba bomba kwa kitambaa sekunde chache injini ikinguruma na kusikiliza inapovujia, abadilishe mpira wa kifuniko cha injini, akague mipira ya rejeta, mkanda wa feni, bearingi za magurudumu na breki. Kwa breki, chungulia upande wa ndani wa kila gurudumu: unyevu au utelezi pale ni mafuta ya breki yanayovuja. Pedali ikishuka polepole ukiikanyaga na kushikilia, usiondoke Arua.

Njia zako ni mbili. Ya kwanza inapita Pakwach, Karuma, Luweero, Kampala, kisha msitu wa Mabira hadi Jinja. Ni fupi, lakini inakupitisha katikati ya foleni ya Kampala na kwenye msururu wa malori ya njia ya Malaba. Ya pili, ukifika Karuma huvuki daraja, unafuata barabara ya Gulu hadi Kamdini na hapo unakata kulia kuelekea Lira, Soroti, Mbale, Tirinyi, unaingia Iganga na kumalizia Jinja. Ni ndefu kama kilomita mia moja hivi zaidi, lami yote, na inatulia. Kwa dereva wa peke yake ningechukua ya pili, kwa siku mbili, nilale Lira au Soroti. Kwa HiAce iliyopakiwa hesabu lita 10 hadi 12 kwa kila kilomita 100. Jaza Arua, jaza tena Lira, na usisubiri taa ya tangi.

Kati ya Pakwach na Karuma barabara inapita ukingoni mwa mbuga ya Murchison Falls. Usisimame, usishuke, na ukiona tembo karibu na barabara zima muziki na usubiri mbali. Karuma kuna nyani waliozoea kulishwa na wasafiri. Nyani huyo akiona dirisha la gari lenye jiko na kabati la mikate, anaingia, na kumtoa ni kazi. Vioo juu.

Kuhusu kuendesha usiku naiogopa njia kama kaka, ingawa si kwa sababu zake. Hapa kwetu giza linaingia karibu saa 1 jioni na halina utani: boda boda bila taa, ng'ombe wa Teso, upande wa Soroti, wanaolala kwenye lami yenye joto, lori lililokufa katikati ya njia bila kiakisi. Ukiona matawi ya miti yamelazwa barabarani, hayakudondoka. Dereva ameyaweka kukuambia kuna gari limesimama mbele. Punguza mwendo papo hapo. Ondoka saa 12:30 asubuhi kunapopambazuka, uwe umeegesha kabla ya saa 11:30 jioni, na pumzika kila saa mbili. Ukianza kupiga miayo mfululizo, au ukagundua huikumbuki kilomita iliyopita, soda na muziki havisaidii. Egesha mahali penye watu, funga milango, lala dakika 15 hadi 20. Usizidishe, utaamka mzito kuliko ulivyolala.

Sasa matope, na hapa rafiki yako anastahili jibu refu. Novemba ni mvua za pili. Udongo mwekundu wa Busoga, eneo la Jinja, ukikauka ni mgumu kama tofali. Ukilowa, tabaka la juu linakuwa utelezi wa sabuni huku chini bado pagumu. Kupunguza upepo hulirefusha tairi pale linapogusa ardhi, ule uzito ukagawanyika. Hilo husaidia sana kwenye mchanga, na kwenye tope laini linalomeza gurudumu. Kwenye utelezi wa juu juu, tairi pana linaelea kama kandambili kwenye bafu. Hapo linalosaidia ni meno marefu yanayokata mpaka chini pagumu. Kwa hiyo shuka kwanza, chomeka kijiti. Kikizama shubiri nzima, punguza upepo hadi kama psi 25, endesha chini ya kilomita 30 kwa saa, na uwe na pampu ya kurudishia kabla ya lami, kwani tairi laini kwenye mwendo wa lami hupata joto na kupasuka. Kiwango cha kurudishia kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kijiti kikizama kucha moja tu, usiguse upepo.

HiAce yako inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na difu yake ya kawaida hupeleka nguvu kule kwenye ukinzani mdogo. Ndiyo maana ukikwama utaona gurudumu moja linazunguka kama feni na lenzake limetulia. Hilo lililotulia ndilo lenye mshiko. Vuta handibreki nusu, mpaka isikike "tik" mara mbili au tatu, kisha toa klachi taratibu kwenye gia ya pili. Handibreki inashika magurudumu yote mawili ya nyuma, linalozunguka linapata ukinzani, na nguvu kiasi inavuka kwenda upande wa pili. Mara nyingi hilo peke yake hutoa gari. Usikanyage mafuta kwa hasira: kila mzunguko wa bure unachimba kaburi, na difu ikishalalia udongo magurudumu hayana tena uzito wa kushikia.

Beba koleo fupi, mbao mbili imara za mita moja, magunia manne matupu, kamba ya kuvutia na pete zake za chuma, na ujue kabla ya safari kulabu ya kuvutia iko wapi chini ya bampa. Kamba isifungwe kwenye bampa. Watu wote wakae mbali nayo inapokazwa, maana ikikatika inarudi kama mjeledi. Vijana wa boda watatokea, hilo halina shaka. Patana bei kabla hawajagusa gari, na wewe ubaki kwenye usukani na ufunguo.

Au usikwame kabisa. Kama tamasha liko Itanda na usiku imenyesha, acha HiAce kwenye uwanja wenye askari Jinja mjini, panda boda ya mchana na kibegi. Si aibu. Waliokwenda na gari zao utawakuta wakisubiri trekta siku ya kuondoka.

Ukipata nafasi ya kuegesha uwanjani, fika mchana. Chagua mwinuko mdogo, si bondeni ambako maji yatakusanyika, wala chini ya mti mkubwa, kwani dhoruba za msimu huu hushusha matawi. Pua ya gari itazame njia ya kutokea. Kati ya kitanda na kiti cha dereva pasiwe na kitu, uweze kuhama na kuondoka bila kufungua mlango. Ufunguo ukae sehemu ileile kila usiku. Mapazia mazito pande zote, hata kioo cha mbele, ili wa nje asijue ndani mko wangapi, na wewe mwenyewe sema "tumelala", "tunaondoka kesho". Fahamiana mapema na majirani, hasa kundi lenye wanawake. Kinywaji chako kisitoke mkononi. Mtu mmoja nyumbani awe na namba ya gari na njia unayopita, na saa ya kumpigia kila jioni. Namba za polisi ni 999 au 112. Njiani usilale kando ya barabara. Omba nafasi kwenye ua wa gesti au parokia, ulipe kidogo, ulale nyuma ya geti.

Mto nao. Itanda ni pa kutazama, maji yake huvuta hata muogeleaji hodari. Kwenye kingo tulivu zenye magugu kuna konokono wa kichocho, na kutumbukiza miguu tu kunatosha kukipata. Ukiingia, kapime wiki sita au nane baadaye, hata kama hujisikii vibaya.

Siku ya kurudi naiogopa kuliko ya kwenda. Mwili huondoa pombe kwa kasi yake, kama kipimo kimoja kwa saa, na kahawa haiongezi kasi hiyo. Aliyemaliza waragi saa 10 alfajiri bado amelewa saa 3 asubuhi hata kama ameoga. Na ukosefu wa usingizi wa siku tatu unaendesha vibaya bila tone la pombe. Tenga siku moja nzima ya kulala Jinja kabla ya kuwasha gari. Kama kazini hawakupi siku hiyo, basi jibu la swali lako la mwisho ni basi: chukua hema, liache gari nyumbani mwaka huu. Ukiipata siku hiyo, na fundi akaridhika na breki, ekzosi na mkanda, nenda na HiAce. Kitanda kinachofungwa na komeo ni bora kuliko hema.

Kuna mambo hayangoji jibu la maandishi. Ukiamka na kichwa kinauma na unafuu ukaja ulipotoka nje, au jirani yako naye anaumwa vilevile, nenda hospitali siku hiyohiyo na utaje neno kaboni monoksidi. Jinja kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni hakitofautishi gesi hii na oksijeni, kinaweza kuonyesha 98 na huku mtu anakufa, kwa hiyo usikubali kurudishwa kwa namba hiyo pekee. Homa yoyote, njiani au wiki za baadaye, pima malaria ndani ya siku moja, usinywe dawa kwa kukisia. Na gari likianza kuvuta upande mmoja ukifunga breki, au mshale wa joto ukapanda, simama kwenye mji unaofuata. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto.

Wiki mbili kabla ya safari, lala ndani ya HiAce hiyo usiku mmoja uani kwenu, na vitu vyote ndani, kengele ikiwa imewashwa, nyavu zikiwa mahali pake. Asubuhi, kabla hujafungua mlango, pitisha kidole kwenye kioo cha ndani. Kikiwa kimelowa maji yanayotiririka, hewa yako haizunguki: ongeza tundu la juu, lala tena usiku wa pili, upitishe kidole tena.